Rangi hazifanani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchapa kazi za usanifu

Haya ni maswali tunayoulizwa karibu kila siku na wasanifu, wenye maduka ya uchapaji na wateja wanaoleta kadi, vipeperushi, mabango na fulana. Tumeanza na matatizo yaliyo ndani ya faili, tukafuata karatasi na mashine, kisha namna ya kukubaliana na fundi kabla kazi haijaanza. Kama una haraka, nenda moja kwa moja kwenye swali linalofanana na lako. Ila lile la prufu, yaani nakala moja ya majaribio, lisome hata kama hukuja kwa ajili yake.

Kwenye kompyuta rangi inawaka, kwenye karatasi imepoa. Mashine ni mbovu?

Mara nyingi mashine ni nzima. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga wa aina tatu, nyekundu, kijani na bluu, ndiyo ile RGB. Ukiwasha zote kwa nguvu yote unapata nyeupe. Karatasi haina mwanga wake. Inasubiri mwanga wa chumba uipige, upite kwenye wino, urudi machoni kwako. Wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK, kazi yake ni kuupunguza mwanga huo, na kila unapoongeza wino giza linazidi. Kwa hiyo zipo rangi ambazo skrini inazionyesha na wino wa kawaida hauzifikii hata fundi afanyeje: kijani cha kuwaka, pinki kali, chungwa lililochangamka sana, bluu ya umeme.

Programu ikikutana na rangi ya namna hiyo inaisogeza hadi rangi ya karibu inayochapika. Hapo ndipo unaona imepoa. Afadhali uione mapema ukiwa bado mezani kwako. Kwenye Photoshop au Illustrator fungua menyu ya View, uwashe Proof Colors. Sehemu zitakazofifia mbele ya macho yako ndizo zitakazofifia kwenye karatasi, na bado una nafasi ya kuchagua rangi nyingine.

Tulichagua bluu iliyoiva kwa ajili ya harusi, kadi zimetoka zambarau. Nini kimetokea?

Hili ndilo swali linaloongoza, hasa msimu wa harusi, na linaumiza kwa sababu kamati imeshanunua vitambaa, sare zimeshashonwa, na kadi za mchango zimeshafika kwa watu zikiwa na rangi nyingine kabisa.

Kwenye CMYK bluu haina wino wake. Inapatikana kwa sayani na majenta kukaa pamoja, na majenta ikikaribia wingi wa sayani, jicho linaona zambarau. Sasa chukua bluu safi ya skrini, ile yenye namba za RGB 0, 0, 255. Photoshop ikiwa kwenye mpangilio iliokuja nao inaibadilisha kuwa karibu sayani 88 na majenta 77. Tofauti ni pointi 11 tu. Mashine ikizidisha majenta kidogo, au karatasi ikinyonya kuliko ulivyotarajia, zambarau hiyo hapo.

Dawa ni kuiandika bluu kwa namba zako mwenyewe, usiiachie programu ikuamulie. Acha pengo la pointi 30 au zaidi kati ya sayani na majenta. Sayani 100 kwa majenta 60 inabaki kuwa bluu hata mashine ikiyumba. Ukitaka ikolee, ongeza nyeusi 10 au 20, majenta usiiguse. Halafu omba kadi moja tu ichapwe, ilaze juu ya kitambaa cha sare, uitazame mchana. Kumbuka pia kwamba kadi za kumetameta, zile wanazoziita za lulu, hazina weupe kamili wa chini. Bluu iliyopendeza kwenye karatasi nyeupe inakuwa nzito juu yake, na fundi mzoefu atakushauri uipunguze kidogo.

Damu ya mzee nayo ina mtihani wake. Njano ikipungua inaelekea zambarau, nyeusi ikizidi inakuwa kahawia. Anzia karibu na sayani 30, majenta 100, njano 80, nyeusi 35, kisha urekebishe kwa kuangalia kadi iliyochapwa.

Nilianza kazi kwenye CMYK tangu mwanzo. Mbona bado haifanani?

Kwa sababu namba ya CMYK inaeleza wino uwe kiasi gani tu. Haielezi ni wino gani wala karatasi gani. Maelezo hayo yamo kwenye profaili ya rangi. Photoshop na Illustrator zikiwa kwenye mpangilio wa Marekani zinatumia U.S. Web Coated SWOP v2, profaili iliyokusudiwa mashine za roli zinazochapa majarida huko Marekani. Kama hujawahi kugusa mpangilio huo, basi kazi zako zote zinapita humo, uwe Kariakoo au River Road.

Muulize fundi anataka profaili gani. Kwa ofseti, yaani mashine inayochapa kwa pleti na wino, kwenye karatasi ya art, ile laini iliyopakwa, FOGRA39 inafahamika sana, na FOGRA51 ya mwaka 2015 ndiyo iliyokuja kushika nafasi yake. FOGRA52 ni ya karatasi isiyopakwa, kama bondi. Fundi akikosa jibu kabisa, tumia FOGRA39 kwa karatasi ya art, kisha uamue kwa prufu.

Jambo lingine linaloharibu kimyakimya ni kuipeleka faili CMYK, ukairudisha RGB, ukaipeleka tena CMYK. Nyeusi ya maandishi iliyokuwa K 100 peke yake (nyeusi asilimia 100 bila wino mwingine), ukiipitisha RGB kwa ile profaili ya Marekani inakuwa 35, 31, 32. Ukiirudisha haiwi tena K 100, inakuwa karibu sayani 70, majenta 67, njano 64, nyeusi 74. Maandishi yako sasa yamejengwa kwa wino nne. Karatasi ikisogea nusu milimita tu kwenye mashine, herufi ndogo zinaota kivuli cha rangi pembeni na mteja anasema hayasomeki. Ukiwa na Acrobat Pro, fungua Output Preview, uzime nyeusi. Maandishi yakitoweka yote, uko salama. Yakibaki, rudi kwenye faili kabla hujalipa.

Nyeusi yangu imetoka kijivu. Nyingine imetoka nzito hadi inachafua karatasi ya pili.

Ni matatizo mawili yanayokwenda pande tofauti. K 100 peke yake kwenye eneo kubwa, mfano jalada zima, haina uzito wa kutosha na inaonekana kama kijivu kilichoiva. Hapo iongezee nguvu: sayani 60, majenta 40, njano 40, nyeusi 100 ni mchanganyiko uliozoeleka. Jumla yake ni asilimia 240 na mashine nyingi zinaubeba bila shida.

Ukizidisha, wino haukauki. Watu huweka 100 kwenye rangi zote nne wakiamini ndiyo nyeusi ya kweli. Hiyo ni asilimia 400. Ofseti kwenye karatasi ya art kwa kawaida inataka jumla isizidi 300 hadi 330, na karatasi ya gazeti karibu 240. Zaidi ya hapo karatasi zinagandana kwenye rundo na mgongo wa moja unabeba sura ya nyingine.

Maandishi madogo yaache na K 100 peke yake, siku zote.

Picha za watu zinatoka nyeusi mno, sura hazionekani vizuri.

Swali hili tunalichukulia kwa uzito. Mara nyingi linaletwa na mtu aliyechapa kijitabu cha ibada ya mazishi, na picha ile ya jaladani familia itaitunza miaka mingi. Marehemu anastahili kuonekana kama alivyokuwa.

Sababu kubwa ni nukta kunenepa. Wino ukigusa karatasi, kila nukta inatanuka. Eneo ulilolipa asilimia 50 linaweza kuonekana kama asilimia 70 kwenye karatasi ya bondi. Kwenye ngozi nyeupe ongezeko hilo linaleta wekundu. Kwenye ngozi yetu, ambayo tayari imejaa tani, yaani viwango vya mwanga, za kati na za giza, linafunga kabisa macho, ndevu na mikunjo ya uso. Picha ilionekana sawa kwenye simu kwa sababu simu ilikuwa inamulika kwa nyuma.

Kabla ya kuchapa, inua tani za kati za uso kwa zana ya Curves. Inua eneo la uso peke yake, maana ukiinua picha nzima shati jeupe linaungua. Tazama namba za ngozi pia. Sayani ikizidi, mtu anaonekana kijivu kama mgonjwa. Majenta ikizidi anakuwa mwekundu. Njano iwe sawa na majenta au iizidi kidogo, sayani ibaki chini yao, nyeusi imalizie kivuli. Usiamini kitufe cha kurekebisha picha chenyewe. Kwa nyuso nyeusi mara nyingi kinang'arisha hadi mtu anabadilika rangi, na ndugu zake wataliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa kijitabu cha namna hii, lipa zaidi kidogo ili ukurasa wa jalada uwe karatasi ya art. Kurasa za ndani zinaweza kubaki bondi.

Kuna kisanduku chenye rangi tofauti kidogo kinaonekana kuzunguka nembo. Kwenye skrini hakikuwepo.

Nembo yako ni picha ya JPEG yenye mandhari yake, ukaiweka juu ya mandhari uliyochora kwenye Illustrator au CorelDRAW. Machoni zilifanana, lakini moja ni RGB na nyingine ni CMYK, au zina profaili mbili tofauti. Mashine ikazitafsiri kila moja kivyake. Tafuta nembo ya vekta, yaani iliyochorwa kwa mistari wala si picha, au PNG isiyo na mandhari. Kama hakuna, fungua hiyo JPEG uibadilishe iwe CMYK kwa profaili ileile ya kazi yako, kisha usome namba za mandhari yake na uziandike zilezile kwenye mchoro.

Kivuli laini kilichowekwa juu ya rangi ya Pantone, yaani wino maalumu uliochanganywa tayari, kinaweza kuleta kisanduku kama hicho. Geuza hiyo Pantone iwe CMYK kabla ya kutoa PDF, isipokuwa kama kweli unalipia wino wa tano.

Je, kutuma kazi kwa WhatsApp kunabadilisha rangi?

Ukiituma kama picha, ndiyo, na ubora unashuka pia: inabanwa, na unachopokea upande wa pili ni JPEG nyepesi ya kuangalia kwenye simu. Itume kama dokumenti na faili itafika ilivyo. Barua pepe, Google Drive au flashi ni sawa pia. Kati ya aina za PDF za uchapaji, PDF/X-1a inafaa kwa duka lenye mifumo ya zamani, PDF/X-4 kwa lenye mifumo mipya.

Nilibuni kwenye Canva. Nifanyeje?

Pakua kama PDF Print. Chaguo la CMYK linapatikana kwa wanaolipia. Usipokuwa nalo utatoa RGB na duka ndilo litakaloibadilisha, kwa hiyo epuka rangi za kuwaka tangu unapobuni na uombe kuona kipande kilichochapwa.

Nembo ya kampuni ina namba ya Pantone. Kwa nini duka linaniambia haiwezekani?

Pantone, mfumo ulioanza mwaka 1963 chini ya Lawrence Herbert, unafanya kazi kwa wino uliochanganywa tayari kwa fomula, kama rangi ya nyumba inayochanganywa dukani. Kwenye ofseti fundi anaosha mashine na kuweka wino huo kwenye mnara wake, ile sehemu ya mashine inayochapa wino mmoja. Kwa kadi 100 za biashara gharama hiyo haina maana, na mashine ya tona, ile inayochapa kwa unga bila pleti, inaiga Pantone kwa CMYK inavyoweza. Chungwa kali na kijani cha kuwaka ndizo zinazoteseka zaidi.

Zingatia herufi inayofuata namba. C ni karatasi iliyopakwa, U ni isiyopakwa. Wino ni uleule, lakini mwonekano unaweza kuachana sana. Kitabu cha sampuli cha Pantone nacho kinachakaa: kurasa zinapauka kwa mwanga na kushikwashikwa, na kile kilichokaa miaka mingi juu ya kaunta ya dirishani hakifai tena kuwa hakimu.

Kama unafungua faili ya zamani na sehemu za Pantone zimegeuka nyeusi, fahamu kwamba tangu mwishoni mwa 2022 nyingi ya maktaba hizo ziliondolewa kwenye programu za Adobe na zinahitaji kulipiwa kando. Usichape kabla hujaandika upya namba za CMYK za sehemu hizo.

Faili moja, maduka mawili, rangi mbili. Nani kakosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Duka la kwanza lina ofseti na wino, la pili lina mashine ya tona. Moja limesawazishwa asubuhi, jingine mara ya mwisho ni fundi wa kampuni alipokuja kubadili ngoma. Pengine kuna tona ya kujazwa, ambayo inaweza kuchapa vizuri lakini rangi yake hailingani na ile mashine iliyopangiwa. Wengine wameacha mashine kwenye mpangilio wa kuchangamsha rangi kwa sababu wateja wa vipeperushi wanaupenda.

Tofauti ya rangi inapimwa kwa Delta E. Ikiwa karibu na 1 jicho la kawaida linasumbuka sana kuiona. Kiwango cha kimataifa cha ofseti, ISO 12647-2, kinavumilia hadi 5 kwenye wino nne za msingi, na 5 unaiona ukiweka vipande viwili pamoja. Kwa hiyo hata matbaa mbili zinazofuata kiwango zinaweza kuachana. Kazi za familia moja, kadi ya biashara, barua, bahasha na folda, zichape sehemu moja, kwa wakati mmoja.

Karatasi inachangia kiasi gani?

Kuliko watu wanavyodhani. Bondi inanyonya, rangi inazama na kupauka. Art inaushikilia wino juu, rangi inang'aa. Karatasi ya krimu inaongeza njano kwenye kila kitu, hata kwenye nyeupe uliyoiacha wazi. Na zipo karatasi nyeupe zenye kemikali ya kung'arisha inayoitikia miale ya jua. Nje zinaonekana na ubluu, ndani zinatulia.

Leminesheni nayo ni sehemu ya rangi. Ya kung'aa inaikoleza. Ya mati inaizima kidogo, na nyeusi ndiyo inayoonyesha zaidi. Ukiagiza kazi yenye leminesheni, sampuli unayoikubali nayo iwe imepigwa leminesheni.

Nimeiangalia kwenye simu tatu na kompyuta mbili, kila moja inasema lake. Niamini ipi?

Hakuna hata moja mpaka uisawazishe. Simu nyingi za leo zinachangamsha rangi kwa makusudi. Kwenye kompyuta zima kwanza ile hali ya usiku inayotia skrini umanjano, punguza mwanga hadi karatasi nyeupe uliyoishika kando ya skrini ikaribiane nayo, kisha acha skrini ipate joto kama nusu saa kabla ya kuamua rangi. Kifaa cha kupimia skrini kinasaidia sana kwa anayebuni kila siku. Lengo la kawaida ni nyuzi 6500 za Kelvin na mwanga wa kandela 80 hadi 120 kwa mita ya mraba. Usipokuwa nacho, soma namba za CMYK badala ya kuamini macho.

Dukani ilikuwa sawa, nyumbani jioni imebadilika.

Ni taa. Rangi mbili zinaweza kulingana chini ya mwanga mmoja na kuachana chini ya mwingine, na kijivu kilichojengwa kwa wino tatu ndicho kinachoongoza kwa hilo. Kiwango cha kutazamia kazi zilizochapwa, ISO 3664, kinataka mwanga wa D50, nyuzi 5000 za Kelvin. Maduka machache yana kibanda cha mwanga huo. Bila kibanda, toka hadi mlangoni mchana, simama kivulini, weka sampuli na kazi bega kwa bega. Jua la moja kwa moja linadanganya, taa ya njano ya sebuleni inadanganya zaidi. Na kijivu, kama unaweza, kiandike kwa K peke yake.

Printa ya ofisini inatoa kila kitu kijani. Jana ilikuwa nzima.

Wino mmoja haufiki. Majenta ikikosekana kazi inaelekea kijani, njano ikikosekana inaelekea bluu na zambarau, sayani ikikosekana inakuwa nyekundu na chungwa. Chapa ukurasa wa kukagua matundu, utaona mistari iliyokatika kwenye rangi moja. Safisha kichwa mara moja au mbili, kagua tena. Kusafisha mfululizo kunamaliza wino na kujaza sifongo la uchafu. Kama hakuna mabadiliko, iache ipumzike saa kadhaa ndipo urudie. Printa za matangi zilizokaa likizo nzima bila kuguswa ndizo zinazoziba zaidi, kwa hiyo chapa ukurasa wa rangi walau kila wiki.

Mistari ikiwa kamili na rangi bado mbovu, huenda rangi inasimamiwa mara mbili: Photoshop inasimamia rangi, na draiva ya printa nayo inasimamia. Chagua msimamizi mmoja. Ukimpa Photoshop, zima upande wa draiva. Hakikisha pia aina ya karatasi uliyoichagua ndiyo iliyo kwenye trei.

Na mabango, fulana na vikombe?

Kila kimoja kina wino wake, na nembo ileile haitafanana sawasawa kwenye vyote. Mteja aambiwe hivyo mapema.

Bango la fleksi linachapwa kwa mapito, kichwa cha wino kikipita juu yake mara kadhaa. Fundi akitaka kuwahi anapunguza mapito, rangi inakosa kina na mistari inaonekana. Omba kipande cha sentimita 30 hivi kwa mapito yaleyale yatakayotumika. Jua letu nalo linakula. Mara nyingi njano na majenta hutangulia kufifia, ndiyo maana mabango ya zamani barabarani yanabaki na ubluu.

Kwenye fulana ya rangi, wino bila tabaka jeupe chini unachanganyika na kitambaa. DTF, ile ya kuchapa kwenye filamu kisha kuihamishia kwenye kitambaa kwa joto, inaliweka tabaka hilo yenyewe. Kwenye uchapaji wa skrini, ule wa kupitisha wino kwenye wavu, muulize fundi kama bei aliyokupa ina nyeupe ya chini.

Vikombe na jezi za sablimesheni zinawatisha wengi kwa sababu karatasi ikitoka kwenye printa rangi imekufa. Usiihukumu hapo. Rangi inaamka kwenye joto, kwa kawaida nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Joto likipungua inabaki hafifu. Likizidi au ukikawia, nyeusi inageuka kahawia. Na kitambaa kiwe poliesta, pamba haiishiki.

Kwa nini nakala za mwanzo na za mwisho za kazi moja zimetofautiana?

Kwenye ofseti wino na maji vinatafutana. Karatasi za kwanza ni za kupangia mashine na zinatakiwa zitupwe, ila duka lenye tamaa linazichanganya kwenye mzigo. Baada ya hapo mwendeshaji anatakiwa kuchomoa karatasi kila baada ya muda, kuilinganisha na iliyosainiwa na kukagua ule ukanda wa rangi ulio pembeni. Wino mbichi unaonekana mkali kuliko ukikauka, kwa hiyo usigombane naye dakika ile ile.

Kuna na kazi za kuchanganywa, ambapo kadi zako zinapangwa kwenye karatasi kubwa na kadi za wateja wengine. Ni bei rahisi, lakini fundi hawezi kukuongezea wekundu bila kumwongezea jirani yako. Kama rangi ya nembo ndiyo roho ya kazi, lipia karatasi yako mwenyewe.

Hali ya hewa na umeme vinahusika?

Ndiyo. Vyumba vya uchapaji hulenga unyevu wa karibu asilimia 50 hadi 55, na Dar es Salaam, Mombasa au Unguja bila kiyoyozi unazidi hapo. Karatasi ikivuta unyevu inajikunja, tona haishiki sawa, na kwenye ofseti rangi nne hazikutani. Riamu ifunguliwe siku ya kazi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine ya tona ipewe muda ipate joto na isawazishwe upya kabla ya kuendelea, kisha linganisha nakala ya kwanza na ya kabla ya kukatika.

Prufu ni lazima? Fundi anasema ni kupoteza muda.

Ni lazima kwa kazi yoyote ambayo ikiharibika itakuuma. Prufu ninayoisema ni nakala moja iliyochapwa kwenye mashine itakayotumika, karatasi itakayotumika, ikiwa na leminesheni kama ipo. PDF uliyotumiwa kwa simu inakagua tahajia tu. Nakala iliyochapwa kwenye printa nyingine ya duka hilohilo nayo haikuambii kitu kuhusu rangi.

Ukiikubali, andika nyuma yake tarehe, aina na uzito wa karatasi, na namba za CMYK za rangi kuu. Saini wewe, asaini na fundi. Zifanye mbili, kila mtu abaki na yake. Weka yako kwenye bahasha ya kaki, mbali na jua, maana mwaka ujao utakaporudi kuchapa tena, hiyo ndiyo utakayomwekea mezani, wala si faili.

Kwa mashine ya tona nakala moja ni gharama ndogo. Kwa ofseti, ambako pleti lazima zitengenezwe kwanza, omba kuwapo mashine inapowashwa na usaini karatasi ya kwanza iliyokaa sawa. Fundi anayekataa kabisa vyote viwili, mtafute mwingine.

Kazi imeshatoka mbaya na sherehe ni keshokutwa. Naanzia wapi?

Usianze na ugomvi. Chukua nakala moja mbovu, nenda nayo mlangoni kwenye kivuli pamoja na fundi na kile mlichokubaliana. Kama kuna prufu iliyosainiwa na kazi imeachana nayo waziwazi, duka linachapa upya kwa gharama yake, na mafundi waungwana hawabishi hapo. Kama hakukuwa na prufu, fungueni faili pamoja msome namba za rangi iliyoharibika. Mkikuta majenta imeikaribia sayani, au nyeusi ya wino nne, au nembo ya RGB, kosa limo kwenye faili, na mazungumzo yanakuwa ya kugawana gharama.

Kisha okoa kinachookoka. Uliza kama jalada au kadi ya nje peke yake inaweza kuchapwa upya, ya ndani ibaki. Kazi ya dharura ipeleke kwenye mashine ya tona, hata kama ya awali ilikuwa ofseti, kwa sababu unaweza kurekebisha namba, ukachapa moja, ukaitazama, ukarekebisha tena, yote ndani ya saa moja ukiwa umesimama palepale. Kabla ya kumwambia fundi aachie kadi zilizobaki, kata ile iliyokubalika kwa saizi yake kamili, uikunje kama itakavyokunjwa, uiangalie mara ya mwisho.